Mzazi mwenye dimensia na nyumba za wazee za Marekani: mwongozo kamili kwa familia zetu

Wengi wetu tuliokuja Marekani tuliingia nyumba za wazee kwa mlango wa nyuma, tukiwa na sare za kazi. Tumeogesha wazee wa watu, tumewalisha, tumewabadilisha pampasi saa nane za usiku. Kisha siku inafika mama mwenyewe, uliyemleta akae na wajukuu, anaacha jiko likiwaka, anamwita binti yake kwa jina la dada aliyekwisha fariki, anatoka nje mwezi wa Januari amevaa ndala. Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Naandika kama mtu aliyefanya kazi ndani ya vitengo vya dimensia, yaani maradhi yanayomla mtu kumbukumbu na akili, na sitajifanya sina upande. Kwangu mimi, nyumba nzuri hujulikana kwa mikono inayomshika mzee usiku, na kwa kile mikono hiyo inachojua juu yake. Mazulia na maua ya sebuleni yamewekwa kwa ajili ya watoto wanaolipa.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni dimensia

Usianze kutafuta nyumba kabla daktari hajamchunguza sawasawa. Usahaulifu unaweza kuletwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, masikio yasiyosikia, au dawa. Dawa za mafua, mzio na usingizi zinazouzwa madukani bila cheti, hasa zile zenye diphenhydramine kama Benadryl, huwavuruga wazee vibaya sana. Siku ya miadi tia dawa zote kwenye mfuko uende nazo, pamoja na zile alizokuja nazo kutoka nyumbani na mitishamba anayoificha chini ya mto.

Omba mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu. Mjukuu asifanye kazi hiyo, kwa sababu bibi hatasema mbele yake kwamba anajikojolea. Mweleze pia daktari mzee alisoma mpaka darasa la ngapi. Vipimo vingi vya kumbukumbu humtaka mtu achore saa ya ukutani au anakili umbo, na mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu atashindwa hata kama akili yake ni timamu. Halafu kuna saa zetu: akiulizwa ni saa ngapi, naye akajibu "saa nne" wakati ni saa nne kweli kwetu, mkalimani asiyejua anaweza kumpelekea daktari jibu la kwamba mama anadhani ni alfajiri.

Hatua ya pili: karatasi, na mapema

Wakati mzazi bado anaelewa anachosaini, nenda kwa wakili mkaandike hati mbili. Ya kwanza ni hati ya kudumu ya uwakilishi wa fedha, ya pili ni ya kumteua mtu wa kumwamulia mambo ya matibabu. Neno "kudumu" ni muhimu kwa sababu hati hiyo lazima iendelee kufanya kazi hata baada ya akili yake kudhoofika. Ukichelewa, njia inayobaki ni mahakama kumteua mlezi, na huko ni miezi mingi na maelfu ya dola. Kama kuna kiwanja au shamba kwa jina lake huko nyumbani, zungumza pia na wakili wa huko, kwa kuwa hati iliyosainiwa Marekani pekee mara nyingi haitoshi kwa mambo ya ardhi.

Kikao cha familia nacho ni karatasi, ingawa hakina muhuri. Kuna ndugu kwenye kundi la WhatsApp atakayeandika "mmemtupa mama", na kwa kawaida ni yule ambaye hajawahi kumbadilisha nguo. Waite kwa video kabla hujasaini chochote, uwaeleze yanayotokea usiku, si mchana. Mchana mama huongea na simu vizuri kabisa, anacheka, anauliza habari za mifugo, na wote huamini ni mzima. Wanaopinga waombwe wachague: kuja kukaa naye mwezi, au kuchangia mshahara wa msaidizi. Mwenye kulala naye nyumba moja ndiye neno lake liwe zito.

Je, wakati umefika?

Hakuna dalili moja inayoamua. Mimi huangalia tatu zikija pamoja: usalama umeponyoka (moto, kupotea, kuanguka mara kwa mara), mahitaji yamezidi uwezo wa mtu mmoja (hawezi kuinuka bila watu wawili, anagoma kuoga kwa wiki nzima), na mtunzaji mwenyewe haponi. Mke wako asiyelala anayekwenda kazini saa kumi na moja alfajiri naye ni mgonjwa wa nyumba hiyo.

Kabla ya kufika huko, jaribu vituo vya wazee vya mchana. Katika majimbo mengi Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipa wasaidizi wa nyumbani, na wakati mwingine hata mtoto mwenyewe huweza kulipwa kwa kumtunza mzazi. Medicare nayo, bima ya serikali hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, ilianzisha mpango uitwao GUIDE Julai 2024, kwa wenye dimensia walio kwenye Medicare ya kawaida (siyo ile inayoendeshwa na kampuni binafsi) na ambao hawaishi kwenye nyumba za uuguzi (nursing homes). Familia hupewa mtu wa kuwaongoza na simu ya kupiga wakati wowote, na wanaostahiki hupata hadi dola 2,500 kwa mwaka za kumlipa mtu akae na mzee ili mtunzaji apumzike. Muulize daktari kama yumo kwenye mpango huo.

Pesa: hapa ndipo wengi huangukia

Medicare hailipi kodi ya nyumba ya wazee. Rudia sentensi hiyo kwenye kikao cha familia. Inacholipa ni uuguzi wa kitaalamu wa muda, hadi siku 100, baada ya mzee kulazwa hospitali siku tatu mfululizo. Siku 20 za kwanza hulipwa zote, kisha unaanza kuchangia, na malipo hukatika mara tu wataalamu wakisema hahitaji tena uuguzi huo. Angalia pia kitanda cha hospitali kiliandikwaje, maana siku alizokuwa "chini ya uangalizi" hazihesabiwi kuwa amelazwa, hata kama alivaa gauni lao na kula chakula chao.

Bei je? Uchunguzi wa gharama wa kampuni ya Genworth wa 2024 uliweka wastani wa nyumba za kawaida za kusaidia wazee (assisted living) kuwa dola 5,900 kwa mwezi, na chumba cha watu wawili kwenye nyumba ya uuguzi kuwa zaidi ya dola 9,000. Kitengo cha dimensia huwa juu ya ile bei ya kwanza. Juu yake kuna ada ya kuingia, na "viwango vya huduma": kila msaada anaohitaji huhesabiwa alama, na alama zikipanda bili nayo inapanda.

Medicaid ndiyo hubeba wazee wengi wa muda mrefu. Hulipa nyumba za uuguzi katika kila jimbo. Kwa nyumba za kusaidia wazee hulipa huduma, si chumba, kupitia mipango maalumu ambayo mara nyingi ina foleni. Katika majimbo mengi mzee hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, ingawa mume au mke anayebaki nyumbani ana kinga zake. Na karibu kila mahali wataangalia miezi 60 iliyopita kuona kama aligawa mali. Hapa sisi tuna tatizo letu: mzee aliyekuwa akituma pesa nyumbani kila mwezi kwa ada za wajukuu na mazishi anaweza kuambiwa alizigawa ili astahiki. Tunza risiti za kutuma pesa. Usiandikishe shamba lake kwa jina lako wiki moja kabla ya kuomba. Lipa wakili wa mambo ya wazee kwa saa moja au mbili. Ni pesa inayojirudisha.

Kisha suala la uhamiaji. Mzazi aliyekuja kwa viza ya kutembelea hana Medicaid ya kumlipia nyumba ya wazee, utalipa mwenyewe. Mwenye Green Card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, aliyeletwa na mtoto kwa kawaida husubiri miaka mitano, na kipato cha aliyemdhamini kinaweza kuhesabiwa. Wakimbizi, wakiwamo Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, walikuwa hawasubiri. Lakini sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inawaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye Medicaid ya shirikisho kuanzia Oktoba 2026 mpaka wapate Green Card. Kama babu ametimiza mwaka tangu aingie kama mkimbizi na hajaomba Green Card, hiyo ndiyo kazi ya wiki hii, kabla ya kutembelea nyumba yoyote.

Aina za nyumba, kwa ufupi

Kibaoni utaona "Memory Care", yaani huduma ya wenye matatizo ya kumbukumbu. Jina hilo lenyewe halikuhakikishii kitu, kwa sababu kila jimbo lina kanuni zake. Huenda ni ghorofa moja yenye milango ya kufungwa ndani ya nyumba kubwa ya kusaidia wazee, au kitengo ndani ya nyumba ya uuguzi. Aina ya tatu ni nyumba ndogo ya mtaani yenye wazee sita hivi, na majimboni kama California na Washington nyumba hizo ni nyingi, baadhi zikiendeshwa na Waafrika wenzetu. Binafsi ninazipenda hizo ndogo kwa mzee asiyejua Kiingereza, mradi leseni iwe hai na usiku kuwe na mtu aliye macho. Anasikia harufu ya mboga ikikaangwa, anamwona mpishi, anajua yuko nyumbani kwa watu.

Nyumba za uuguzi zina alama za nyota kwenye ukurasa wa Care Compare wa Medicare. Pita nyota za juu ukasome idadi ya wafanyakazi wa mwishoni mwa wiki, wafanyakazi wangapi huacha kazi kwa mwaka, na asilimia ya wakazi wanaopewa dawa za kutuliza akili. Nyumba za kusaidia wazee hazimo kwenye ukurasa huo. Kwa hizo tafuta ripoti za ukaguzi za idara ya jimbo, na mpigie ombudsmani wa wazee, mtetezi wa wakazi anayepokea malalamiko yao, ambaye sheria ya shirikisho inataka kila jimbo liwe naye. Muulize malalamiko gani huletwa kuhusu nyumba hiyo.

Kwenda kuona: nenda mara mbili, na moja iwe jioni

Ziara ya kwanza watakupangia, saa nne asubuhi, kahawa na biskuti. Ichukue, upate bei. Ziara ya pili nenda bila kupangiwa, jioni kati ya saa kumi na moja na saa moja, ikiwezekana Jumapili. Saa hizo ndizo wenye dimensia huanza kuhangaika, shifti inabadilishana, na chakula kinatolewa. Kaa kwenye kiti karibu na chumba cha kulia kwa nusu saa, usiulize kitu.

Tazama mezani. Mzee ambaye sahani yake haijaguswa, kuna aliyekaa naye, au sahani inaondolewa tu? Mhudumu anapomlisha mtu, ameketi au amesimama juu yake huku akiongea na mwenzake? Mzee anayesema "nataka kwenda nyumbani" anajibiwaje? Jibu zuri ni la mtu anayemshika mkono na kumwuliza habari za hiyo nyumba. Jibu baya ni "hapa ndipo nyumbani kwako sasa". Angalia kucha. Kucha safi zilizokatwa ni ushahidi kuliko karatasi yoyote, kwa sababu ndizo kazi ya kwanza kuachwa watu wakipungua. Harufu ya mkojo mara moja kwenye chumba kimoja ni maisha. Harufu kwenye korido nzima ni upungufu wa watu.

Kisha uliza, na usikubali majibu ya jumla. Usiku wako wangapi, kwa wazee wangapi, na je, hao wana kazi ya kufua pia? Mchana mhudumu mmoja kwa wazee sita hadi wanane ni kazi inayowezekana. Akiwa na kumi na wawili, kuna atakayeachwa amelowa. Muuguzi yupo saa zote au anapigiwa simu? Mlango wa dharura unafungukaje? Nyingi zina milango inayopiga kengele na kufunguka ukiisukuma sekunde 15, hivyo swali la kweli ni nani anaisikia hiyo kengele saa tisa usiku. Mzee akianza kupiga watu au akiishiwa pesa, mtamhamisha? Mnapokea Medicaid baadaye, na ni vitanda vingapi?

Ukimaliza na meneja, zungumza na wahudumu wenyewe. Mara nyingi kuna Mkenya, Mganda au Mkongo kwenye shifti, na salamu ya Kiswahili kwenye korido hufungua mengi. Usimwulize kama nyumba ni nzuri, utamweka pabaya. Mwulize amefanya kazi hapo muda gani, na kama angemleta mama yake.

Mkataba

Uchukue ukausome nyumbani. Saini kama mwakilishi wa mzazi chini ya hati ya uwakilishi, uandike hivyo kando ya jina lako, usije ukajikuta mdaiwa. Nyumba za uuguzi zimekatazwa na sheria ya shirikisho kumlazimisha mtoto awe mdhamini wa deni, wala haziruhusiwi kumkataa mzee kwa sababu familia imegoma kusaini kifungu cha kuacha haki ya kwenda mahakamani. Nyumba za kusaidia wazee hazibanwi hivyo, kwa hiyo soma kwa makini zaidi huko: ada ya kuingia inarudishwa lini, bei inaweza kupanda mara ngapi, na ni sababu gani za kumtoa.

Karatasi ya maisha yake: kazi muhimu kuliko zote

Dimensia hula kwanza kilichojifunzwa mwisho. Mzee aliyeongea Kiingereza ofisini miaka thelathini anaweza kurudi kwenye Kiswahili, kisha kwenye lugha ya kijijini kwao. Nimemwona bibi akiandikwa kwenye ripoti kwamba ni "mkali na anapinga huduma", kumbe tangu asubuhi alikuwa akisema "haja, haja", hakuna aliyeelewa anataka choo. Alipofikishwa chooni ukali uliisha.

Kwa hiyo andika karatasi moja, herufi kubwa, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati na nakala iingie kwenye faili. Juu kabisa weka jina analoitikia. Kwenye kadi ameandikwa Margaret, lakini tangu azae mtoto wa kwanza ni Mama Juma, na Margaret hatamgeukia. Chini yake maneno kumi yenye matamshi: maji, haja, naumwa, baridi, njaa, sitaki, asante, pole, lala, twende. Rekodi sauti yako ukiyasema, wahudumu wasikilize.

Kisha mambo ya mwili. Mama wa Kiswahili hawezi kuvuliwa nguo zote na mwanamume, hata mgonjwa, na hata mhudumu mwanamke amwogeshe akiwa amefunikwa kanga, akiiinua kipande kwa kipande. Lete kanga tano za zamani zenye harufu ya nyumbani. Nusu ya vita vya bafuni huisha hapo. Aliyezoea maji chooni apewe kopo lake. Kama ni Mwislamu, andika kwamba mzee anayeamka saa kumi na moja alfajiri kunawa miguu kwenye sinki anatia udhu, hajachanganyikiwa, asirudishwe kitandani. Awekewe mkeka usioteleza, kiti, na ishara ya kibla. Kama ni mtu wa kanisa, andika nyimbo. Wimbo hubaki hata maneno ya kawaida yakipotea, na nimeona mzee aliyenyamaza miezi akiitikia kiitikio chote.

Chakula: uma humchanganya mtu mapema, lakini mkono haujasahau. Mruhusuni ale kwa mkono, ugali au wali wa kufinyanga, chapati iliyokatwa. Uji uletwe na familia kwenye chupa, baada ya muuguzi kuthibitisha uzito wa vinywaji anavyoweza kumeza bila kupaliwa.

Kuhamia na wiki za kwanza

Hamia asubuhi, akiwa amelala vizuri na amekula. Chumba kiwe kimeshapangwa: blanketi lake, picha za zamani (anaowakumbuka ni watu wa ujana wake, siyo mjukuu wa mwaka jana), redio. Dhahabu ibaki nyumbani. Kila nguo iandikwe jina kwa kalamu isiyofutika, la sivyo utaiona kwa mwingine. Usiage kwa muda mrefu. Atalia, ataomba mrudi wote, na wiki za kwanza huwa mbaya kabla hajatulia. Wengine watakwambia usimtembelee mpaka azoee, mimi sikubaliani. Nenda, lakini nenda saa ya chakula ili muwe na la kufanya, na uondoke akiwa na kitu mkononi.

Baada ya hapo kazi yako ni kuonekana, kwa nyakati zisizotabirika. Hudhuria kikao cha mpango wa huduma. Mabadiliko ya ghafla ndani ya siku moja au mbili, kama usingizi usio wa kawaida, ukali mpya au kuanguka, si "dimensia imezidi". Dai apimwe: UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kufunga choo, maumivu, dawa mpya. Wakikupigia kusema wanataka kumwanzishia dawa ya kumtuliza, uliza jina, sababu, na itapitiwa lini. Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeweka onyo kali kwamba dawa za kundi la kutibu wazimu huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimensia. Kuna wakati zinahitajika, lakini zisiwe mbadala wa mhudumu wa jioni.

Malalamiko yaanze kwa muuguzi mkuu, kwa maandishi, yenye tarehe na saa. Yasipojibiwa, ombudsmani. Ukihitaji kuelekezwa, Eldercare Locator ni 1-800-677-1116, na simu ya Alzheimer's Association, 1-800-272-3900, hupokelewa usiku na mchana na wanaweza kukuunganisha na mkalimani.

Mwisho wa safari

Dimensia huua, na ni vizuri kulijua hilo mapema. Akiwa haongei tena, hatembei, anapaliwa na kukonda, uliza kuhusu huduma ya hospisi, yaani ya kumpunguzia maumivu mtu anayekaribia mwisho badala ya kumtibu apone. Medicare huilipa madaktari wakithibitisha kwamba kwa kawaida ya ugonjwa amebakiza miezi sita au chini, na wauguzi wake humfuata palepale alipo. Chumba unaendelea kulipia wewe au Medicaid. Mirija ya kulishia tumboni haijaonekana kuwaongezea maisha wazee wa hatua hiyo, kwa hiyo familia iamue mapema, si usiku kwenye chumba cha dharura.

Mkubaliane pia atazikwa wapi, mkiwa bado mnaweza kumsikia mwenyewe. Kusafirisha mwili mpaka Mombasa, Kigoma au Bukavu ni gharama kubwa na karatasi nyingi, na mchango wa kuitwa ghafla hauwezi kutegemewa. Majimbo mengi huruhusu fedha za mazishi zilizowekwa kwenye mkataba usioweza kufutwa zisihesabiwe na Medicaid. Mweleze wakili kwamba mnataka mkataba huo ujumuishe usafirishaji nje ya nchi, na uandikwe kabla ya ombi la Medicaid kupelekwa.